Wastani Hauko Mtutuni

Kuna watu ambao hawanunui risasi zilizokamilika. Wananunua maganda, fataki, baruti na vichwa vya risasi, kisha wanazijaza wenyewe mezani, moja baada ya nyingine, kwa mizani inayosoma hata uzito wa punje. Kazi hiyo imezoeleka Marekani, Ulaya na Afrika Kusini. Kwetu Tanzania si kazi ya mtu binafsi: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimwachii mtu atengeneze risasi bila leseni, na ni vyema iwe hivyo. Mimi sifuatilii baruti yao. Nafuatilia kinachotokea mlio ukishanyamaza, pale mjazaji anapokaa na karatasi yenye namba za kasi na kuiuliza: unaniambia nini? Swali hilo linaulizwa Handeni, mkoani Tanga, kila msimu wa mvua. Na mjini Korogwe liliwahi kuulizwa kwa uangalifu ambao ningependa kila mwenye namba mkononi aujue.

Tuanze na mjazaji. Anataka kujua ni kiasi gani cha baruti kinachoifaa bunduki yake. Anaandaa risasi kumi, kila moja ikiwa na baruti iliyozidi kidogo ile ya kabla yake, na kuzipiga mbele ya kipima kasi. Zamani chombo hicho kilitegemea vihisi mwanga viwili ambavyo risasi ilivipita. Siku hizi wengi hutumia rada ndogo. Anaandika kasi ya kila risasi kwa mita kwa sekunde, akitarajia ipande kama ngazi, na kweli inapanda. Ila katikati, hatua mbili tatu zinatoka karibu sawa, kama uwanda: baruti imeongezeka, kasi haikusogea. Hapo moyo unamruka. Anaamini amepata mahali ambapo bunduki yake imetulia, ambapo hata mizani ikikosea kidogo risasi itakwenda vilevile. Anachagua kiasi hicho na kujaza risasi za mwaka mzima.

Akirudia jaribio lilelile wiki ijayo, kwa baruti ileile na maganda ya aina ileile, kwa kawaida uwanda ule haumo. Umehamia hatua nyingine, au haupo kabisa.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme risasi zilizojazwa kwa kiasi kimoja hutawanyika kwa kipimo ambacho wanahesabu wangekiita mita 5 kwa sekunde kuzunguka wastani wake. Tuseme pia kila hatua ya baruti huongeza kasi ya kweli kwa mita 4. Ukipiga risasi moja tu kwa kila hatua, basi katika zaidi ya robo ya hatua, risasi yenye baruti nyingi itatoka polepole kuliko ile iliyoitangulia. Hakuna siri ndani ya mtutu. Kila risasi ina tofauti zake ndogondogo, na tofauti hizo ni kubwa kuliko hatua unayoipima. Ngazi ya hatua tisa haikosi mahali palipolala, kwa hiyo mtu anayepatafuta atapapata, leo na kesho, katika bunduki nzuri na mbovu.

Uwanda ule, basi, umetoka wapi? Mjazaji hakudanganya. Namba aliziandika kama zilivyotoka, chombo chake ni kizima, jicho lake ni zuri. Uwanda umezaliwa pale namba chache zilipokutana na mtu aliyekuwa na haja. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyochukuliwa. Tumezoea kufikiri kwamba hatari ya kutokujua ni kubaki mikono mitupu. Mwenye majaribio machache habaki mikono mitupu hata siku moja. Anaondoka na jibu, lenye umbo zuri, linaloelezeka mbele za watu, na lenye namba nyuma yake. Kuwa na namba kunampa ujasiri ambao asingekuwa nao kama angebahatisha tu.

Namba chache zina kawaida nyingine inayopotosha zaidi. Wajazaji wengi huhukumu risasi zao kwa pengo kati ya iliyokwenda kasi zaidi na iliyokwenda polepole zaidi. Katika mfano wetu wa mita 5, ukipiga risasi tatu pengo hilo huwa, kwa wastani, mita 8 na nusu hivi. Ukipiga kumi, hufika mita 15. Ukipiga thelathini, huvuka mita 20. Bunduki ni ileile na risasi ni zilezile. Ulichoongeza ni kuzijua. Kwa hiyo anayepima kidogo hurudi nyumbani na sifa nzuri, na anayepima sana hurudi na sifa mbaya, ilhali wa pili ndiye aliyeukaribia ukweli. Wala ukiacha pengo na kutumia kipimo cha kitaalamu cha mtawanyiko hujaokoka. Risasi tano zikikupa mtawanyiko wa 4, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 2 na nusu na 11 na nusu hivi. Yaani huenda una risasi bora kabisa, na huenda una risasi za hovyo. Karatasi moja inaruhusu yote mawili.

Aliyelitazama tatizo hili usoni kwa mara ya kwanza hakuwa mtu wa bunduki. William Sealy Gosset alikuwa mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, na kazi yake ilimlazimu kuamua mambo ya shayiri kwa majaribio machache, kwa kuwa shamba huvunwa mara moja kwa mwaka na hakuna wa kukuongezea miaka. Mwaka 1908 alichapisha makala chini ya jina la Student, akionyesha jinsi ya kusema kwa uaminifu ni kiasi gani hujui unapokuwa na vipimo vichache. Ili kuijaribu hesabu yake alichukua vipimo vya vidole vya wafungwa 3,000, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya, akazigawa katika mafungu 750 ya kadi nne nne, na kutazama wastani wa kila fungu ulivyoyumba. Hakutaka kuamini hesabu yake mpaka ameiona ikiyumba kwa macho. Kwangu hiyo ni adabu ya hali ya juu: mtu anayeutengenezea ujinga wake kipimo, badala ya kuuficha.

Shayiri ya Gosset ni ndugu wa mahindi ya Handeni. Mkulima wa Mkata au Sindeni anayeletewa mbegu mpya huijaribu msimu mmoja, katika kipande kimoja cha shamba. Ikizaa, anaisifu, ikishindwa, anailaani, na majirani wanalipokea neno lake. Lakini Handeni ni nchi ya mvua zinazokuja kwa mapande. Wingu linanyesha upande huu wa barabara na kuuruka ule, vuli ya mwaka huu inakatika pale ambapo ya mwaka jana iliendelea. Tofauti kati ya mvua na mvua ni kubwa kuliko tofauti kati ya mbegu na mbegu, kwa hiyo msimu mmoja umepima wingu na kuipa mbegu hukumu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na wazee wa Handeni wanayajua pia mawingu mengi yaliyopita bila kudondosha tone. Elimu yao ya mvua imejengwa na hayo yaliyopita. Mwenye kukumbuka mawingu yaliyonyesha tu hajui kitu juu ya mawingu.

Magambazi, wilayani humohumo, mambo ni yaleyale chini ya ardhi. Dhahabu haikulala sawasawa mwambani. Jiwe moja linang'aa na la ubavuni mwake ni tupu, na shimo linaweza kufukuziwa kwa miezi kwa ajili ya jiwe moja. Wachorongaji wenye mitaji hutoboa mashimo mengi kwa mpangilio maalumu kwa sababu hiyo hasa. Mchimbaji mdogo hana mashimo mengi. Ana shimo lake. Sitaki kumlaumu, maana umaskini ni pamoja na kukosa nafasi ya kurudia. Kurudia jaribio ni gharama, na ukweli wa namba, kwa sehemu kubwa, hununuliwa.

Kuna waliojua bunduki bila namba yoyote. Kabla ya Wajerumani, bonde la Korogwe lilijaa magobori yaliyopanda kutoka pwani kwa njia za misafara. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri ye Nyumbai, aliacha milima ya Usambara akajijenga Mazinde, bondeni, katika eneo ambalo leo ni Korogwe, kwa sababu misafara na bunduki vilipita hapo. Na kwa bunduki hizo enzi ya Vugha, makao ya wafalme wa Usambara, ikatikiswa. Kila mlio wa gobore ulikuwa risasi iliyojazwa kwa mkono, baruti ikimiminwa mdomoni mwa mtutu na kushindiliwa kwa fimbo. Hakuna aliyepima kasi yake. Mwingereza Benjamin Robins alikuwa ameshabuni njia, mwaka 1742, ya kuipiga risasi kwenye gogo linaloning'inia na kuihesabu kasi kwa jinsi gogo lilivyobembea. Akakuta zaidi ya futi 1,600 kwa sekunde. Mwindaji wa Kizigua hakuwa na gogo hilo. Alikuwa na bega, sikio na moshi, na alikuwa na jambo ambalo mjazaji wetu mwenye rada hana: maisha mazima ya kupiga silaha moja. Hakuweza kuandika anachojua, lakini alichojua kilitoka katika milio mingi. Ningemwamini yeye juu ya gobore lake kabla ya kuiamini karatasi yenye risasi tatu.

Mpaka hapa ningeweza kuonekana kama ninasema: ongeza majaribio, basi. Kuna ukuta mwingine mbele, na wawindaji wa wanyama wakubwa wa Afrika waligonga vichwa vyao hapo.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ilitoa risasi ya .458, iliyokusudiwa tembo na nyati. Bunduki zake zilikuwa nafuu kuliko zile za Kiingereza za mitutu miwili, nayo ikaenea haraka Afrika Mashariki. Tangazo lilisema kichwa chake kizito kinatoka kwa zaidi ya futi 2,100 kwa sekunde, sawa na mita 640 hivi. Kasi hiyo ilipimwa kwa mtutu mrefu, na wawindaji wengi walibeba mifupi. Tena ganda lilikuwa dogo kwa baruti iliyohitajika. Baruti ikabanwa, na katika baadhi ya risasi zilizokaa muda mrefu ikagandamana na kuungua vibaya. Waliozipima baadaye walikuta nyingine chini ya futi 2,000. Mmarekani Jack Lott, ambaye nyati alimjeruhi Msumbiji mwaka 1959, alikuja kubuni risasi ndefu zaidi, yenye nafasi ya kutosha ya baruti, inayobeba jina lake mpaka leo.

Mtu aliyesimama mbele ya nyati hakabiliani na wastani. Anakabiliana na risasi moja, ile iliyo mtutuni, ambayo inaweza kuwa ndiyo iliyogandamana. Wastani ni sifa ya kundi. Hauwezi kupakiwa, hauwezi kufyatuliwa, haujawahi kumwokoa mtu. Hata joto halijui wastani: watengenezaji wa Uingereza walipunguza baruti katika risasi za nchi za joto kwa kuwa risasi ileile iliyo salama kwenye baridi ya kwao ilizidisha shinikizo kwenye jua kama la Korogwe. Tangazo la karatasini lilikuwa kweli, mahali fulani, kwa mtutu fulani, siku fulani. Aliyelisoma alikuwa mahali pengine.

Sasa tunabanwa kutoka pande mbili. Mmoja peke yake hana ushahidi wa kutosha kutupa maana, na wengi kwa pamoja wanatupa maana ambayo haimhusu yeyote mmoja wao moja kwa moja. Na sisi tunaishi mmojammoja. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na kila nikilifikiria narudi kwenye jaribio moja la Korogwe.

Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kilichopo Korogwe kilishirikiana na wenzao wa Kilifi, Kenya, kujaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kwa watoto 894 wa umri wa miezi 5 hadi 17. Matokeo yalitoka Desemba 2008 katika New England Journal of Medicine, na miongoni mwa waandishi wake wakuu alikuwa Mtanzania John Lusingu. Nusu ya watoto walipewa chanjo ya malaria. Nusu nyingine walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wasirudi nyumbani bila faida. Nani apate ipi iliamuliwa kwa kura, na wazazi na waliowachunguza watoto hawakuambiwa.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo, maana kuna hekima mbili kubwa. Kwanza, kura. Watafiti waliogopa bahati isiwapotoshe, na silaha waliyoichukua dhidi yake ni bahati yenyewe. Kura haijui ni mama yupi ana chandarua kizima, nani anakaa jirani na majaruba ya mpunga, nani ana nauli ya kufika hospitali ya Magunga. Kwa kutojua kwake inawatawanya wote hao pande mbili, mpaka kinachobaki kuwa tofauti kati ya pande hizo ni chanjo. Pili, kutokuambiwa. Mjazaji wetu anajua kila risasi ina baruti kiasi gani na anajua anataka kuona nini. Korogwe, aliyepima homa ya mtoto hakujua mtoto yuko upande gani, kwa hiyo matakwa yake hayakuwa na mlango wa kuingilia. Kwa karne nyingi tumewasifu wanaojua. Hapa palihitajika watu waliokubali kutokujua kwa makusudi, miezi na miezi, ili jambo lijulikane.

Watoto 809 walifuatiliwa kikamilifu, kwa wastani wa miezi minane hivi. Kati ya 402 waliopata chanjo ya malaria, 32 waliugua malaria. Kati ya 407 wa upande wa pili, waliugua 66. Hesabu ikatoa kinga ya asilimia 53, na watafiti wakaandika papo hapo kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya 28 na 69. Namba hizo mbili za pembeni ndizo zilizo nzuri kuliko zote. Asilimia 53 ni jibu. 28 na 69 ni uaminifu wa anayejibu.

Sasa geuza namba hizo uzitazame kutoka majumbani. Watoto 341 hawakupata chanjo ya malaria na katika miezi hiyo hawakuugua. Fikiria mama zao. Mmoja ataamini ni sala. Mwingine atasema ni chandarua alichokitia dawa, mwingine mwarobaini, mwingine ni damu ya upande wa baba, watu wasiougua. Kila nyumba ina maelezo yake, na kila maelezo yamethibitishwa na mtoto anayecheza uani. Kwa upande mwingine kuna mama 32 ambao watoto wao walichanjwa na bado wakapata homa. Nao wana haki ya kuuliza: chanjo hii imetufaa nini? Hakuna nyumba hata moja, kati ya nyumba zote hizo, ambayo ndani yake ungeweza kuiona chanjo ikifanya kazi. Mtoto aliyeokolewa hajulikani. Haiwezekani kumwita kwa jina, kumpiga picha, kumwonyesha kwa mgeni. Tunajua wapo kwa sababu 32 ni pungufu ya 66, na hatujui ni akina nani.

Hilo ndilo linaloniweka macho. Kuna wema duniani usio na uso. Umetokea kweli, umewagusa watoto wa kweli wa Korogwe na Kilifi, na hakuna hata mmoja wao, wala mama yake, anayeweza kuushuhudia. Ushahidi wake uko kwa wote kwa pamoja, na hauko kwa yeyote. Mtu anayedai kwamba maana lazima ionekane katika maisha ya mmoja ndipo iwe ya kweli ataukosa wema huo kabisa. Na anayedai kwamba maana iko kwenye asilimia peke yake atamwambia mama wa mmoja kati ya wale 32 kwamba homa ya mwanawe ni kelele za takwimu, jambo ambalo ni uongo na ni ukatili. Homa ile ilikuwa homa. Haikuwa ushahidi dhidi ya chanjo, lakini ilikuwa homa, na ilistahili dawa na mtu wa kukesha.

Nasikia wanaoogopa neno bahati, wakidhani kulitaja ni kumwondoa Mwenyezi Mungu mahali pake. Sioni hivyo. Kusema kwamba tofauti kati ya risasi mbili, au kati ya watoto wawili wa mtaa mmoja, ni bahati, ni kusema tu kwamba tofauti hiyo haiwezi kubeba ushahidi tunaotaka kuitwika. Ni kujizuia kumsemea Mungu pale ambapo hakusema. Imani ya mtu haipungukiwi kitu kwa kukataa kuona ishara katika risasi tatu.

Jaribio kubwa lilifuata kuanzia mwaka 2009: watoto 15,459, vituo 11, nchi 7, Korogwe na Bagamoyo zikiwa upande wa Tanzania. Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2015. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, waliofuatiliwa takribani miaka minne, dozi tatu zilipunguza malaria kwa asilimia 28, na waliopata dozi ya nne kwa asilimia 36. Wapo waliosema 53 ya mwanzo ilikuwa ndoto. Lakini namba mbili hizo hazikuulizwa swali moja. Ya kwanza iliulizwa juu ya miezi, ya pili juu ya miaka, na kinga hii hufifia kadiri muda unavyokwenda. Namba iliyong'olewa kwenye swali lake ni kama tangazo la .458 mikononi mwa mwenye mtutu mfupi.

Ndani ya matokeo hayohayo palitokea jambo lililowatisha wengi. Miongoni mwa watoto wa kundi hilo la umri, homa ya uti wa mgongo iliwapata 21 waliochanjwa, na mmoja tu ambaye hakuchanjwa. Waliochanjwa walikuwa mara mbili ya wasiochanjwa, lakini hata ukizingatia hilo, ishirini na moja kwa mmoja inatisha. Kwa bahati tupu, mgawanyiko wa namna hiyo ungetokea chini ya mara mbili katika elfu. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na mambo mawili: watoto wachanga zaidi katika utafiti uleule hawakuonyesha tofauti hiyo, na anayetazama magonjwa mengi kwa wakati mmoja lazima atakuta moja limekaa vibaya, kama vile ngazi ya mjazaji isivyokosa uwanda. Je, hiyo ilikuwa sumu au bahati? Karatasi iliruhusu yote mawili, na safari hii palipokosewa pangelipwa kwa maisha ya watoto, upande wowote ambao kosa lingeangukia. Chanjo yenye madhara ingewaua. Chanjo nzuri iliyotupwa kwa hofu ingewaacha wauawe na malaria.

Shirika la Afya Duniani halikuitupa na halikuikumbatia. Liliamua iulizwe tena, kwa watoto wengi zaidi. Kuanzia mwaka 2019 chanjo ikatolewa kwa majaribio katika maeneo ya Ghana, Kenya na Malawi, huku homa ya uti wa mgongo ikifuatiliwa. Watoto zaidi ya laki nane walipata chanjo hiyo, na uhusiano ule haukuonekana. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika likapendekeza itumike. Kati ya matokeo ya 2015 na siku hiyo ilipita miaka sita, na malaria haikusubiri. Wako wanaosema kusubiri kulikuwa kosa, na hoja yao ina uzito: kila mwaka wa kuuliza tena una makaburi yake. Nami bado naona uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu chanjo isiyoaminika haiingii nyumbani hata ikiwa nzuri. Ila nakiri kwamba anayedai uhakika zaidi lazima ajue nani anayelipia uhakika huo. Mpiga shabaha analipa kwa baruti. Korogwe walilipa kwa damu ya vidole vya watoto, mara nyingi, na kwa uvumilivu wa wazazi waliopanda na kushuka kuleta watoto kupimwa hata walipokuwa wazima.

Watoto wale wa kwanza, wale 894, leo ni vijana wakubwa. Wengine wamemaliza sekondari, na bila shaka wapo waliofundishwa takwimu kwa mifano ya kete na shilingi zinazorushwa juu. Nawaomba walimu wa hesabu wa Korogwe na Handeni: siku mtakapofika kwenye wastani na mtawanyiko, wekeni kete pembeni. Andikeni ubaoni 32 kati ya 402, na 66 kati ya 407. Waambieni wanafunzi kwamba sehemu ya namba hizo ilitoka hapa Korogwe, kwa watoto wa hapa, na muwaulize kila mmoja aseme zina maana gani kwa mji mzima, kisha zina maana gani kwa mama mmoja.